Ndoo Nyeupe ya Mama Mizani

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Mizani anastaafu. Miaka thelathini na mmoja amekaa kwenye mizani ya kiwanda chetu cha sabuni, na hakuna gunia lililompita bila kupimwa. Hata meneja alishapandishwa juu ya mizani ile, akashauriwa apunguze vikao vya chai.

Wageni walidhani ndoo nyeupe iliyo kando yake ni ya kudekia. Kumbe kila Januari, nyongeza ikishatangazwa, alichukua mshahara wa siku moja, akaununulia wote sukari, akaimwaga ndooni na kuchora mstari ilipofikia. Kisha sukari ile tukainywea chai sote. Mwaka wa kwanza mstari ulikaribia ukingo wa juu. Nyongeza zikaja karibu kila mwaka, na mstari ukazidi kushuka. Wafungaji sabuni wakamtania, kana kwamba mistari ile inapima kimo cha mtoto, kwamba mwanawe anakua kwenda chini.

Sasa niliyeombwa kuandika haya ni mimi, mwenyekiti wa wafanyakazi, na kuna jambo siwezi kuliruka. Miaka sita iliyopita niliahidiwa na wakubwa usimamizi wa zamu kama kikao cha mishahara kitapita kimya. Ndoo ile ingenisuta. Nikajifungia nayo chooni, nikaisugua kwa sabuni yetu wenyewe. Haukutoka hata mstari mmoja. Watu wa kukagua ubora wa sabuni mnisamehe. Nilipofungua mlango, povu hadi viwikoni, Mama Mizani alikuwa amesimama pale. Hakunitukana. Aliuliza tu, “Mdogo wangu, kwani wewe sukari unapewa bure?”

Nikaingia kikaoni hivyo hivyo, nikasema wafanyakazi wameridhika. Usimamizi nikapata. Yeye hakumwambia mtu, na miaka yote sita akanimiminia chai kama kawaida.

Januari hii, kabla ya kikao, sukari ya mshahara wa siku moja nilinunua mimi, nikaimwaga ndooni na kuitua ndoo juu ya meza ya wakubwa. Wakachungulia mmoja mmoja. Baada ya nyongeza Mama Mizani alipima upya: mstari umepanda vidole vitatu, na kiinua mgongo chake kimepigiwa hesabu kwa mshahara huo mpya. Ile miaka sita siwezi kuirudisha. Ndiyo maana naiandika hapa, wote msome.

Ndoo katuachia, na kalamu kanikabidhi mimi. Mstari ujao nitauchora mbele ya watu.

Asante, dada. Kapumzike kwa afya na furaha, na chai yako isikose sukari.