Siku Niliyoshushwa Mezani Bila Mionzi

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Makambako! Kamwene! Sauti iliyobaki ni hii, sogeeni mnisikie.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya. Koo likaanza kukwaruza, nikasema ni baridi yetu ya Njombe. Ugali ukakataa kupita, kisha hata uji. Ilikuwa saratani. Nikapelekwa Dar es Salaam kutibiwa kwa mionzi.

Unalazwa mezani, unavikwa barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa sura yako, nayo inafungwa pale ili kichwa kisisogee. Nyumbani, mama watoto na jumuiya wakaingia kwenye mfungo kwa ajili yangu. Nikaona haifai wao wafunge, mimi mwenye shida nile. Nikafunga pamoja nao.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa malori wa hapahapa Makambako, Mwislamu. Akanicheka: "Mzee, hata sisi mgonjwa anaruhusiwa kula. Wewe Mlutheri sheria hiyo umeitoa wapi?"

Asubuhi moja barakoa ikacheza usoni. Mashavu yalikuwa yamekwisha! Wahudumu wakamwita binti mmoja. Akapitisha kidole kati ya barakoa na shavu, akasema, "Mshusheni. Leo hatuwashi mashine."

Ndugu zangu, nililia! Nilijua uvimbe hausubiri. Nikamuuliza, "Binti, wewe ni daktari hata unizuie?"

"Hapana, baba. Mimi ni mwanafizikia wa tiba. Daktari anaamua upewe mionzi kiasi gani. Mimi nakokotoa ifikeje kwenye uvimbe, na napima mashine kabla hujalala hapo. Nilisoma fizikia chuo kikuu, nikaongeza shahada ya fizikia ya tiba, kisha nikafanya kazi chini ya wakubwa wangu mpaka wakaniamini. Kichwa kikisogea tunaukosa uvimbe, tunauchoma uti wa mgongo. Unataka urudi Njombe umebebwa? Kula, baba."

Nikapiga simu nyumbani. Mama watoto akasema, "Kufunga tuachie sisi. Wewe kunywa uji."

Nikanywa, kila funda kama kumeza moto. Nikatengenezewa barakoa nyingine, binti yule akakokotoa upya, matibabu yakaendelea.

Yule dereva hakurudi Makambako akiwa hai. Nilikwenda kuhani kwake, watoto wake wakanipa kiti na chai. Kwa nini mimi nimebaki? Sijui, wala sitajifanya najua.

Vipimo vya mwisho havikuona uvimbe. Kuimba ndiyo basi, na mate yamekauka, lakini nimesimama kwa miguu yangu. Asante, Bwana! Uliyajibu maombi ya jumuiya kwa kidole cha binti aliyesomea kazi yake.

Ndugu yangu, kama koo lako linakwaruza na huponi, usikae nalo. Njoo kwangu baada ya ibada. Tutaomba, halafu twende wote hospitali. Mtumaini Bwana, nenda ukapimwe.