Kumlilia Mume kwa Lugha ya Kwao

Wamama, mmenipa nafasi, nami sitaikalia. Majina nimeyaacha nyumbani, maana wengine bado tunachota maji pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Kasongo. Kwetu tulisema Kiswahili tu. Niliolewa huku Kabambare, kwa wakwe wanaosema Kibangubangu. Nikiingia jikoni waligeukia Kiswahili, kwa heshima yangu. Kibangubangu nilijua cha kusalimu, kununua mihogo na kugombeza watoto. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilidhani huko ndiko kujua lugha.

Kisha mume wangu akafa huko Lusangi alikokwenda kuchimba, udongo wa shimo la dhahabu ulipomwangukia. Walimleta kwa pikipiki, amefungwa ndani ya mkeka.

Desturi ya familia yao ni kwamba mjane ndiye anayeanza kilio. Anamsimulia marehemu, alivyokuja kumchumbia, alivyopenda kukaa, anachokiacha, na wanawake wanamwitikia. Nilifungua mdomo, kikatoka Kiswahili. Wote walikielewa, lakini maitikio yao ya Kibangubangu hayakuwa na pa kuingia. Hawakunicheka. Walitazamana tu. Shangazi mmoja akasema polepole, "Mumuache, huyu iko mugeni."

Wifi yangu akaanza badala yangu. Watu wakamlilia mume wangu vizuri sana, na mimi nimekaa kando ya maiti kama mtu aliyepita kutoa pole.

Baada ya maziko hata Kiswahili kilikuwa kizito kinywani. Kaka yangu akaja kutuchukua, mimi na watoto, nikafunga mizigo. Jambo moja tu lilinisumbua: nikiondoka, nitakuwa nimeondoka bila kumlilia.

Asubuhi ya safari nilimkuta mama mkwe anamenya mihogo. Nikakaa kumsaidia.

"Mama," nikamwambia, "nilishindwa kumulilia mutoto wako."

Hakuinua macho. "Nani alikuomba uimbe? Uniambie tu, siku ile alikula nini mbele ya kwenda?"

Aliuliza kwa Kibangubangu. Nikajibu hivyo hivyo, kwa kile changu cha sokoni, kwamba alikula sombe, yale majani ya mihogo, iliyolala, na ndizi. Akanisahihisha. Akauliza alivaa nini. Nikaeleza, nikakwama, akangoja. Kaka yangu akarudi Kasongo peke yake.

Tuliendelea vile kila siku, tukimenya na kulia. Siku ya kumaliza matanga, nikaanza mimi. Nilikosea, nikaharakisha, mpaka wifi yangu akacheka na machozi yake: "Wifi, punguza mwendo, tunakufuata mbio!" Nikapunguza. Wakaitikia. Sikuwa natafuta maneno tena. Uchungu ulitangulia, yakaufuata.

Lakini siku ya maziko hairudi. Alishuka kaburini bila kusikia sauti yangu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kama nyumbani kwenu kuna aliyeolewa kutoka mbali, mwacheni akosee lugha yenu wakati angali na furaha. Msimstahi mno. Siku ya msiba haitamngoja ajifunze.

Namshukuru wifi yangu, aliyebeba kilio changu niliposhindwa. Na mama mkwe. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na bado alikaa na mimi kila asubuhi, akinipa maneno ya kumlilia. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza.