Sufuria ya Presha ya Bi. Consolatha

Mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Mbegu, pokea shikamoo za wadogo na karibu ya wakubwa. Pole kwa vumbi la kutoka Tabora mjini. Chumba chetu cha kuoteshea mbegu za uyoga kiko kando ya njia waliyopita wapagazi wa zamani. Asubuhi, mvuke unapotoka dirishani, mtu anaweza kudhani misafara bado inapita na wapishi wake wameinjika vyungu.

TULIKOTOKA

Bi. Consolatha, mwanzilishi wetu, alistaafu kazi ya kuosha vyombo vya maabara akiwa na ndoto moja, kupata uyoga mwaka mzima bila kungoja mvua. Hata akiwa macho aliota nyuzi nyeupe za uyoga zikitambaa chini ya miombo yote hadi Urambo. Mbegu ya uyoga huoteshwa kwenye mtama ndani ya chupa, na vijidudu visipouawa kwanza, ukungu huwahi kuula. Mashine ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Yeye alikuwa na sufuria ya presha ya kupikia maharage, na chupa tupu za asali.

Mwaka wa kwanza tulifanya kosa la watu wa Sikonge hasa, sisi tuliozoea mizinga: tuliziba chupa kwa nta ya nyuki. Mvuke ulipopanda, nta iliyeyukia kwenye mtama, na wiki iliyofuata chupa zote zilikuwa za kijani. Bi. Consolatha alizitazama weee, kisha akasema, "Jamani, ukungu tumeupikia pilau." Tulicheka. Yeye akaingia stoo akalia.

Tangu hapo tunaziba kwa pamba na karatasi, tunachemsha saa moja na nusu tangu sufuria ianze kupiga mluzi, na tunapandikiza ndani ya kisanduku cha kioo kilichopanguswa kwa maji ya klorini.

TULIYOVUNA

Baiskeli zinapeleka mbegu zetu hadi Urambo, na hadi mtaa wa Ng'ambo kule Tabora mjini. Wapo walioacha tumbaku wakajenga banda la uyoga. Recheli, anayekusomea risala hii, ni mmoja wao, na wanawe hawakohoi tena msimu wa kukausha majani.

LINALOTUUMA

Barua yako ya mwezi uliopita inasema chumba kisicho na mashine iliyothibitishwa kifungwe Ijumaa hii. Hatubishani na sheria, maana mbegu chafu humtia mkulima hasara. Lakini tangu siku ile Bi. Consolatha haoti tena. Anakuja, anafuta meza, anakaa. Inatuuma kumwona hivyo.

OMBI

Hatuombi mashine. Chini ya kitambaa hiki kuna chupa kumi na mbili za mtama. Wiki mbili zilizopita tulizichemsha kwenye sufuria ile bila kutia mbegu, ofisa kilimo wa kata akishuhudia. Alizifunika akaweka lakiri yake, na hakuna aliyeziona tena. Kama mtama umeota ukungu wa kijani, ufunguo wa chumba uko hapa mezani, uuchukue. Kama ni safi, tunaomba utuandikie barua nyingine.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako na aibariki kazi ya mikono yako. Bi. Consolatha amekaa mstari wa pili. Ametuambia atafumba macho utakapofunua, kwa hiyo tunaomba wewe mwenyewe umwambie ulichokiona.

Ni sisi,
Kikundi cha Mbegu za Uyoga Tupendane,
Sikonge