Funga ya Ndizi

Katika tramu ya Flagey, Hadassa alijifanya anasoma simu, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Hapo Banza, rubani wa mkataba, alikuwa akimwonyesha Maman Yolande, kiongozi wa maombi kanisani kwao wote watatu, picha ya ndege yenye matundu ya risasi.

"Kule Colombie tunamwanga dawa ya kuuwa majani ku mashamba ya cocaïne, benye mashamba beko banatupiga masasi! Onze trous, na miye njo huyu, muzima!"

"Ulituambia ni mashamba ya ndizi, hatari ni nyuki tu! Groupe nzima tulifunga trois jours, siku tatu kavu, Mungu akukinge na nyuki!"

"Bon, alinikinga!"

Maman alicheka bila kutaka, mpaka miwani ikamshuka. "Na bibi yako wa ndoa, anajua?"

"Kwake ni ndizi tu."

"Alors, dimanche kisha misa tunaanza funga ingine. Utamwambia bibi yako weye mwenyewe ni ya nini."

Tramu ilisimama, Maman akashuka. Banza, mtu wa matundu kumi na moja, alibaki ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili.