Goti Kifuani mwa Placidius

Padre, wazee wetu, mashemeji na majirani mliofika hapa Ndama, mimi Apolinary, mdogo wake marehemu, nimeagizwa na familia niwasomee maisha ya kaka yangu, na mjane wake ameniambia nisilainishe neno.

Placidius Ndyamukama alizaliwa Nyakakika tarehe 14 Machi 1919, akaanza shule ya misheni mwaka 1929, na mwaka 1932 akafukuzwa kwa kumvunja mwenzake taya. Mwaka 1941 alichukuliwa jeshini, akapigana Burma, akarudi Januari 1946 na kovu shingoni na koleo la chuma, na kwa koleo hilo akawa mng'oa meno sokoni Kayanga kwa miaka kumi, akimlaza mtu chini, akimkandamiza kifua kwa goti, na aliyepiga kelele akichapwa kofi kabla jino halijatoka. Mimi alining'oa mawili, moja likiwa zima, na hakuniomba radhi.

Tarehe 8 Februari 1947 alifunga ndoa na Anatolia Komujuni, wakajaliwa watoto wawili, Yustus na Deodatha.

Mwaka 1952 fizi zake zilianza kuvimba na kutoa damu, kisha usaha, akawa anatafuna kahawa kavu kutwa nzima ili harufu isisikike, maana nani angemfungulia kinywa mng'oa meno ambaye chake kimeoza. Komujuni alipomsihi aende zahanati alimpiga ngumi, akampasua mdomo, nami nilipoingilia kati akanipiga kwa koleo lilelile, nikanyamaza miaka mitatu, na kwa kimya hicho najilaumu. Meno yalipolegea aliyang'oa mwenyewe mbele ya watoto, akayatema uani pamoja na damu.

Juni 1956 alishikwa na homa isiyoshuka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, tukambeba kwa machela hadi hospitali, na huko akamrushia mwuguzi teke. Daktari alitueleza kuwa ugonjwa wa fizi umeingia kwenye damu, ukaushambulia moyo, na kwamba tumechelewa. Siku ya mwisho alimshika Komujuni mkono, akasema kuna mtu amemkandamiza kifua kwa goti, akaomba tumwondoe, na mimi na Komujuni, tuliolijua goti hilo, tulitazamana tu. Ndipo kwa mara ya kwanza alipomfungulia mkewe kinywa, mkewe akakisafisha kwa maji ya chumvi, naye akafariki Jumatano tarehe 4 Julai 1956, saa tisa alasiri. Koleo lake Komujuni amelitumbukiza chooni jana.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, hasa yule aliyepigwa teke akarudi kumhudumia, majirani waliobeba machela, na wachuuzi wenzake wa Kayanga, na Komujuni anaomba kila ambaye fizi zake zinatoa damu aseme leo, asitafune kahawa.

Kaka, uliyetuumiza na tunayekulilia, goti limeondoka kifuani, sasa pumzika.