Mbuzi wa Pembe ya Buluu Hachinjwi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Punguza moto kwenye githeri, mwambie huyo mnayebishana naye asubiri kidogo, usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ephantus Munyi wa Gachoka. Narudia kwa wale waliokuwa wanatafuta betri: Mwalimu Ephantus Munyi. Mwalimu mkuu kwa miaka mingi, mwenyekiti wa kamati ya maji, na mtu pekee ninayemjua katika Mbeere nzima aliyeingiza mbuzi shule.

Tulimzika Jumamosi. Na mazishi yake, wasikilizaji wapendwa, hayakuwa na nyama. Hata kipande. Kuna wazee ambao mpaka sasa hawajapona. Nitawaambia kwa nini nyama ilikosekana, lakini wacha nianzie mwanzo, maana nikianzia mazishini mtadhani familia ya mwalimu ni wachoyo. Sio wachoyo.

Mwalimu Munyi alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu aliyechelewa mkutano aliouitisha mwenyewe. Alimwoa Veronicah, msichana wa Nchiru kule Meru, wakajaliwa binti, Karimi. Mama Veronicah hupenda kusimulia hivi: "Nilitoka kwetu kwenye migomba nikaletwa kwenye miiba. Nikamuuliza, 'Munyi, nyasi ziko wapi?' Akaniambia, 'Ngoja mvua.' Bado nangoja."

Shule yake iko ukiteremka kutoka Gachoka, njia ya kwenda Kiambere. Mwaka aliofanywa mwalimu mkuu, ukame ulikuwa umekaza. Asubuhi kengele inalia, wanaofika ni walimu. Watoto wamekwenda mbali na mifugo kutafuta majani. Ofisi ya elimu ikatuma neno: watoto wasipopatikana, shule inafungwa.

Sasa, mwalimu mwingine angezunguka nyumba kwa nyumba akihubiri. Munyi alifuata kinyesi cha mbuzi. Alikifuata mpaka korongoni, akakuta darasa la sita karibu lote limekaa juu ya mawe.

"Mbona hamji shule?"

Msichana mmoja akamjibu, "Mwalimu, na hawa tuwaachie nani?"

Hawa walikuwa ni mbuzi. Mwalimu akawaangalia mbuzi. Mbuzi nao wakamwangalia. Akasema, "Kesho kujeni nao."

Wazazi waliposikia, walimuuliza kama jua limemgonga kichwa. Yeye akawaambia, "Shule ina uwanja, na uwanja una migunga. Mbuzi watakula maganda, watoto watakula hesabu." Wakajenga boma la miiba nyuma ya darasa la nne. Kila siku wanafunzi wawili wa zamu wanachunga, wengine wanasoma. Kesho yake zamu inahamia kwa wengine. Shule ikajaa! Shule za jirani zikija kwa michezo, badala ya kusalimia zilikuwa zinalia "mee". Mwalimu alikuwa akiwajibu kwa upole kabisa, "Karibuni chai. Ya maziwa."

Kisha akaja mkaguzi. Watoto wamepanga mstari, mgeni amevishwa shada la maua shingoni, anahutubia. Mbuzi mmoja akatoka bomani, akaja taratibu, akaanza kula lile shada likiwa bado shingoni. Mgeni akamaliza hotuba akiwa amebaki na kamba. Akatazama mistari ya watoto, mirefu mpaka kwenye ua. Akamgeukia Munyi akasema, "Mwalimu, watoto nimewaona. Mbuzi mimi sijaona." Shule haikufungwa.

Lakini mwalimu wetu alikosea mahali pamoja, na tuseme ukweli, hata kumbukumbu lazima iwe na chumvi. Alidhani mbuzi akifika shuleni, basi mtoto amefika. Akasahau soko. Mzazi anaamka siku ya soko, anauza mbuzi, na kesho yake mtoto haonekani. Kwa nini? Mtoto asiye na mbuzi wa kwao anapelekwa kuchunga wa watu wengine. Mbuzi akienda, mtoto naye anaenda.

Hapo ndipo Munyi akachukua rangi ya buluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya madarasa. Akampaka kila mbuzi wa shule pembe moja. Na akaweka sheria. Isikilizeni vizuri, kwa sababu ndiyo iliyowanyima watu nyama: mbuzi wa pembe ya buluu hauzwi wala hachinjwi mpaka mtoto mwenyewe amalize shule. Wazazi nao watapata nini? Mwalimu alinunua beberu la mbegu nzuri, likahudumia mbuzi wao bure. Beberu hilo aliliita Diwani. Alipoulizwa kwa nini, alisema, "Ana kitambi, anatembelea kila boma, na hakuna anayejua atarudi lini."

Wa kwanza kuumia alikuwa Burale, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka mji wa Maua. Nilimpigia simu juzi. Akaniambia, "Huyo mwalimu aliniharibia biashara! Mara ya kwanza nilicheka. Nikanunua mmoja wa buluu, nikapakia. Mwalimu akapanda lori. Na suti! Akakaa katikati ya mbuzi. Nikamwambia, 'Mwalimu shuka, mimi naenda Maua.' Akasema, 'Twende tu. Mwanafunzi wangu amehamishwa, lazima nione shule yake mpya.' Wallahi nilimshusha yule mbuzi mwenyewe kwa mikono yangu." Halafu sauti ya Burale ikaanza kukatikakatika. Nikadhani ni mtandao. Kumbe analia.

Wasikilizaji wapendwa, sasa twende mazishini.

Ijumaa, siku moja kabla ya kuzika, Mzee Njuki, ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, aliingia boma la mbuzi nyumbani kwa marehemu na kamba na kisu. Wageni ni wengi, na pale kuna beberu kubwa, Diwani, mjukuu wa yule wa kwanza. "Mwalimu kama huyu hatuwezi kumzika na ndengu," akasema. Ni kweli, kwetu haijawahi kuonekana.

Lakini kulikuwa na msichana mmoja wa gredi ya sita, anaitwa Rwamba. Rwamba analelewa na shosho, yaani bibi yake. Mwaka jana ugonjwa ulimaliza mbuzi wao wote, na shosho alikuwa ameshakubali Rwamba aende Siakago kulea mtoto wa watu. Mwalimu Munyi, mstaafu, mgonjwa, akampaka Diwani pembe moja rangi ya buluu, akamkabidhi Rwamba, ingawa beberu aliendelea kulala bomani kwake. Akamwambia shosho, "Sasa ana mbuzi. Na mbuzi wake anaenda shule kila siku." Basi shosho akaghairi safari ya Siakago.

Rwamba alimkuta Mzee Njuki ameshamfunga Diwani miguu ya mbele.

"Guka," akamwita kama anavyoitwa babu, "huyo ni wangu."

"Nani alikupa?"

"Mwalimu."

Mzee Njuki akachuchumaa. Si mtu mbaya, jamani. "Mtoto wangu, mwalimu amekufa."

"Lakini mimi sijamaliza."

Watu waliokuwa wanapasua kuni wakaacha. Veronicah akatoka ndani na leso yake ya msiba, ingawa mjane hastahili kusumbuliwa na mambo ya jikoni.

"Njuki, hiyo pembe ni rangi gani?"

"Mama Karimi, imefifia sana..."

"Sikukuuliza kama imefifia."

Mzee Njuki akaiangalia pembe. Akaangalia kisu. "Ni ya buluu," akasema.

"Basi mfungue."

Akamfungua.

Jumamosi tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na ndengu. Lori la Burale lilipoonekana likikata kona, wazee walisimama kwa heshima kubwa sana. Likateremsha magunia ya mchele. Mzee mmoja aliyetoka Kiambere akashika kiuno. "Hata wewe, Burale? Nimetembea kutoka Kiambere kuja kula ndengu?" Burale akamwambia, "Mzee, nilishapanda lori na marehemu mara moja. Sirudii." Tulicheka hapo kaburini, wasikilizaji wapendwa. Tulicheka na machozi yakitoka, na sidhani marehemu alikasirika.

Jumatatu asubuhi Rwamba alifika shuleni, Diwani akiwa ametangulia. Pembe ilikuwa inang'aa. Mama Veronicah alikuwa ameipaka upya mwenyewe, na rangi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo mwalimu wa zamu alifundisha mpaka saa sita akiwa na mstari wa buluu kwenye suruali.

Kwa Mama Veronicah, kwa binti yake Karimi, kwa Mzee Njuki na jamii yote ya Mwalimu Ephantus Munyi, poleni sana. Mungu awafariji. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujalala, angalia nyumbani kwako. Kuna kitu gani hapo ambacho kikiuzwa, mtoto ataacha shule? Ukishakiona, tafuta rangi.

Na mzee wangu wa Kiambere, pole kwa nyama. Rwamba akimaliza shule tutakuita. Diwani atakuwa mgumu kutafuna, lakini tutakuita.