Matufaha Saba na Maua ya Mapokezi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kliniki yetu ya meno, Daktari Mkuu, ambaye mkono wako umeingia katika vinywa vya nusu ya mji huu, madaktari wadogo, ambao wawili kati yenu mna mvi kunizidi, wauguzi, fundi wa meno ya bandia, mama wa stoo, uliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, wagonjwa mliokuja na ganzi zenu, mke wangu, uliyekaa mbele ili unikonyeze nikizidisha, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Katibu aliniandikia hotuba ya kustaafu. Ni nzuri, ina tija na ina ufanisi, ila niliposomewa sikumjua huyo mzee anayesemwa humo. Kwa hiyo hii nimeiandika mwenyewe, kwa penseli, siku nne, herufi moja moja kama mtu anayepanda mahindi. Atakayeona mistari imepinda akumbuke kwamba kuna wenye digrii hapa ambao mistari yao imenyooka na duka zima la dawa haliwezi kusoma walichoandika. Sikutaja mtu.

Nimefagia jengo hili miaka thelathini na moja. Lakini sitasema habari za ufagio, maana ufagio kila mtu anauweza. Nitasema habari za bromelia, yale maua ya mapokezi, ambazo katika jengo hili ninaziweza mimi.

Nani hapa hajakaa pale mapokezi, jino linampiga kama nyundo, akatazama yale majani yaliyojipanga duara na lile ua jekundu lililosimama katikati kama mwenge, akasahau maumivu kwa dakika mbili? Kama yupo, anyooshe mkono. Sioni mkono. Haya.

Zilipoletwa zile saba za kwanza, hakuna aliyezijua. Mlinzi alisema ni nanasi lililokataa kuzaa. Hakukosea sana, kwa kuwa nanasi na bromelia ni ndugu wa ukoo mmoja, kama mimi na kaka yangu: yeye ana faida, mimi nina sura. Kila apitaye akawa anamwaga maji kwenye udongo, mizizi nusura ioze. Mimi nikasimama nikazitazama, nikaona majani yanakutana katikati na kufanya kikombe. Nikajiuliza: Mungu amtengenezee kiumbe kikombe, halafu ninyi mmwagie maji miguuni? Nikatia maji kikombeni. Zikanyanyuka. Hakuna aliyenifundisha.

Sawa, mke wangu amekonyeza. Aliyesema kwanza habari ya kikombe ni Mama Mapokezi, yule yule ambaye leo ni mama wa stoo. Mimi nilikubali haraka, na kukubali haraka nako ni akili.

Yeye ndiye aliyeona pia kwamba maji ya bomba yanaacha madoa meupe kwenye majani, akaanza kuzikingia maji ya mvua. Mimi nikashika ulinzi. Na ulinzi wenyewe mnaujua? Mgonjwa ametoka kung'olewa, mdomo umekufa ganzi, anatafuta pa kutemea, anaona kikombe cha kijani kimejaa maji. Nimewakamata kumi na mmoja. Mmoja alikuwa diwani. Nilimwambia, "Mheshimiwa, hicho si chombo chako." Akanijibu maneno ambayo kwa sababu ya ganzi sikuyaelewa, nikayachukua kuwa anaomba radhi. Kila Jumatatu namwaga maji ya zamani natia mapya, mbu wasije wakafungua kliniki yao ndani ya yetu. Jua kali haziliwezi, giza hazilitaki. Nikazipanga dirishani nyuma ya pazia jepesi, zikapendeza kama maharusi.

Ila hazikutoa ua. Mwaka wa kwanza, hakuna. Mwaka wa pili, majani tu.

Ndipo miaka mitatu iliyopita Mheshimiwa Mkurugenzi ulipokuja mapokezi, ukasema, mbele ya wagonjwa, "Mzee, upande mpya wa jengo hili unafunguliwa baada ya wiki kumi na tano. Kama hizi hazijatoa maua, zitoke, tuweke za plastiki." Mtu mwingine angesema ndiyo bwana. Mimi nilisema, "Siku hiyo zitakuwa zimechanua zote saba, na zisipochanua nitoke mimi pamoja nazo."

Nikarudi kwenye chumba changu cha mafagio nikakaa juu ya ndoo. Nilikuwa sijui hata pa kuanzia.

Akaja mkulima wa mananasi kung'oa gego. Akaniambia kwao shambani, wakitaka mananasi yote yatoe maua pamoja, huyafukizia moshi. Nikasema, ndugu wa ukoo mmoja, dawa moja. Nikatia makaa kwenye bati, majani mabichi juu, nikaliweka katikati ya mapokezi. Waliokuwapo wanakumbuka. Kuna mzee alitoka mbio na plasta ya kupimia meno bado mdomoni, akaonekana stendi. Mama Mapokezi aliniambia, "Wewe mzee, unatibu maua au unachoma watu?"

Kisha mwenye duka la matunda akanicheka. "Moshi wa nini? Tunda lililoiva lina pumzi yake. Mwaga maji ya kikombe, ufunike mmea pamoja na tufaha lililoiva ndani ya mfuko wa plastiki, funga siku kumi. Halafu ufungue usubiri."

Matufaha. Nilimwomba mke wangu. Akasema tufaha likiingia nyumbani kwake litaliwa na mtu, si na jani.

Sasa, wageni waalikwa, lazima niwaeleze. Daktari Mkuu ana desturi: hakuna anayeondoka hapa na meno mapya ya bandia kabla hajauma tufaha mbele yake. Matufaha hayo hukaa kwenye kabati la mapokezi, na ufunguo wake wakati ule alikuwa nao Mama Mapokezi. Siku moja mvua ikanyesha. Akaniambia, "Mzee, nishikie funguo nikakinge maji ya bromelia zako." Zako, alisema. Akatoka na ndoo, akaloa mpaka mabegani. Aliporudi nilimpa funguo zake, na kabatini hamkuwa na tufaha hata moja.

Mnaanza kuguna. Subirini, bado.

Kesho yake kulikuwa na bibi wa kupewa meno. Tufaha hakuna. Muuguzi akatoa karoti yake. Bibi akauma, akavuta, meno yakabaki kwenye karoti. Bibi akalia, Daktari Mkuu akapandisha hasira, pakaitishwa kikao. Nani ana ufunguo? Mama Mapokezi. Nani ameonekana jana anatafuna? Mama Mapokezi. Alisema ni pipi ya kikohozi, kwa sababu aliloa mvua. Alikohoa kabisa pale pale kikaoni. Mkasema anaigiza.

Nami nilikuwa kikaoni. Nilikuwa napanga viti.

Bromelia zikatoa maua. Sita siku ya ufunguzi kama nilivyoahidi, na ya saba ikachelewa wiki mbili, kaidi kama mwenye nayo. Wageni wakapiga picha. Mheshimiwa ukanipa cheti chenye fremu, Mfanyakazi Bora. Na wiki hiyo hiyo Mama Mapokezi akahamishiwa stoo, chini kule kusiko na dirisha, kwenye mataya ya plasta mia tatu yanayomkenulia tangu asubuhi hadi jioni. Miaka mitatu sasa.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini hukusema? Ningesema wakati gani? Cheti kilikuwa kimeshapigiliwa ukutani, majirani wameshakisoma, hata kaka yangu alikuja kukitazama akaondoka bila kula. Nilijiambia nitasema maua yakinyauka. Yakanyauka. Mheshimiwa ukasema nimeziua, nikakueleza kwamba bromelia hutoa ua mara moja tu katika maisha yake, kisha mama huondoka polepole huku watoto wakichipua ubavuni, nao hawaachishwi ziwa mpaka wafike theluthi ya kimo chake. Nikajiambia nitasema watoto wakikua. Wamekua. Wako kumi na tisa, wengine wameshachanua wenyewe bila tufaha la mtu, na huyu binti wa mapokezi wa sasa anawamiminia chai iliyopoa. Binti yangu, usilie, hukuambiwa. Aliyejua kukuambia yuko stoo.

Basi, Mheshimiwa Mkurugenzi, cheti hiki hapa, nimekitoa ukutani. Na ile zawadi mliyoifunika kwa kitambaa, ambayo mguu wake unaonekana na ni kiti, kama mnataka kubaki nayo, bakini nayo. Lakini Mama arudi mapokezi.

Mheshimiwa anasema suala hilo litaangaliwa. Hapana, Mheshimiwa. Mambo ya kuangaliwa katika jengo hili nimeyafagia miaka thelathini na moja, nayajua yanaishia chini ya kabati gani. Mimi ni mstaafu tangu saa sita, huwezi kunifukuza, na kipaza sauti hiki nimekishika mimi. Nitasimama. Nina magoti mabovu lakini nina kichwa kigumu.

Anashauriana na Daktari Mkuu.

Amesema Jumatatu! Mmesikia wote? Jumatatu anakaa mezani kwake. Pigeni makofi. Hilo nimelifanya mimi, na sijui kama kuna mtumishi mwingine ambaye siku ya kuagwa...

Mama, umesimama. Sema, tunakusikia.

Anasema, "Mzee, tangu umeanza hayo yote ni majani. Toa ua."

Mama, nimeeleza. Mvua, funguo, kabati, kila mtu ameelewa.

Anatikisa kichwa. Anasema kuelewa wameelewa, lakini mwanawe alizomewa shuleni kwa neno moja, na neno hilo hajalisikia leo kinywani mwangu. Mke wangu naye hakonyezi. Ameinamia mkoba wake.

Haya.

Mheshimiwa, ndugu wageni waalikwa, wagonjwa na wazima. Mwizi ni mimi. Niliiba. Matufaha saba. Yeye hakuiba hata moja, nami nilijua tangu siku ya kwanza. Mama, nisamehe.

Amekaa. Hajasema amenisamehe, hajasema hajanisamehe. Ni haki yake, na sitamharakisha.

Asanteni nyote kwa kuvumilia kunisikia mpaka hapa. Sina la kuongeza.